Ernest Just na Mayai ya Baharini

Katika madesa yetu ya baiolojia ya seli jina la Ernest Everett Just halimo. Flemming aliyechora kromosomu zikigawanyika yumo, Boveri wa sentrosomu yumo, hata Jacques Loeb ana mistari yake miwili. Just hayumo, ingawa alitumia karibu miaka thelathini akitazama mayai ya viumbe wa baharini yakirutubishwa na kugawanyika, na sidhani kama Marekani ya wakati wake ilikuwa na mtu aliyeyajua mayai hayo kumzidi. Nimeona nimwandike humu, kwa ajili ya wana wa maabara na hata nyie wa sheria na biashara, maana maisha yake yamejaa mambo ya chuo: mzigo wa kufundisha, kuomba ruzuku, nani apewe maabara na nani asipewe.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1883 mjini Charleston, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Utumwa ulikuwa umefutwa miaka 18 tu nyuma. Baba yake, fundi wa magati, alifariki mtoto akiwa na miaka minne. Mama yake, Mary, alikuwa mwalimu, na mshahara wa mwalimu mweusi si wa kulea watoto. Akaenda kisiwa cha James, jirani na mji, akawa anachimba fosfeti migodini. Huko huko akawahamasisha majirani wanunue ardhi na kuanzisha mji wao, na mji ukaitwa Maryville kwa heshima yake. Ukitaka kujua Just aliutoa wapi ule ubishi wake, anzia kwa mama.

Akiwa na miaka 13 alipelekwa Orangeburg, kwenye chuo cha weusi kilichoandaa walimu. Cheti cha pale kingempa kazi katika shule yoyote ya weusi kusini, na wengi waliishia hapo. Mama na mwana wakaona haitoshi. Mwaka 1900 akaenda kaskazini kabisa, New Hampshire, kwenye shule ya Kimball Union, akamaliza masomo ya miaka minne kwa mitatu. Mama hakumuona akihitimu. Alifariki mwana akiwa bado huko. Kisha chuo cha Dartmouth, alikohitimu mwaka 1907 kwa daraja la heshima ambalo hakuna mwingine darasani kwake aliyelipata mwaka ule. Ni Dartmouth alikoanza kusoma jinsi yai moja linavyogeuka kuwa kiumbe mzima, na akili yake haikutoka tena hapo.

Sasa, mtu mwenye matokeo hayo leo angeanza kuchagua. Kwa mtu mweusi wa mwaka 1907 hapakuwa na cha kuchagua, kwa sababu vyuo vikuu vya wazungu havikuajiri mhadhiri mweusi, awe na alama gani. Akaenda chuo kikuu cha Howard, Washington, chuo cha weusi, na kazi aliyopewa kwanza ilikuwa kufundisha Kiingereza. Aliifanya vizuri, akaanzisha hadi kikundi cha maigizo cha wanafunzi. Mwaka 1911 aliwasaidia vijana watatu wa Howard kuunda chama cha udugu cha Omega Psi Phi, wakati uongozi wa chuo ulikuwa hautaki kusikia habari ya chama cha namna hiyo. Chama kipo hadi leo. Tunaohangaika na katiba za serikali ya wanafunzi tungemuelewa. Ila kufikia wakati huo Howard walikuwa wameshamhamishia baiolojia, na mwaka 1912 akawa mkuu wa idara ya zuolojia, cheo alichokufa nacho.

Kazi iliyompa jina haikufanyika Howard. Kuanzia mwaka 1909, kila majira ya joto, alipanda treni hadi Woods Hole, kijiji cha pwani jimboni Massachusetts, penye Maabara ya Baiolojia ya Bahari. Aliyemkaribisha ni Frank Lillie, mkurugenzi wa maabara hiyo na mkuu wa idara ya zuolojia ya chuo kikuu cha Chicago. Just alianza kama msaidizi wake. Kazi ya kwanza ilikuwa mnyoo wa baharini aitwaye Nereis. Mnyoo huyu hupanda juu ya maji usiku wa majira ya joto ili kuzaliana, akifuata mwezi, na hukusanyika kuzunguka mwanga wa taa. Kwa hiyo unakaa ukingoni na taa na kipande cha wavu, unasubiri. Wavuvi wetu wa pwani, wanaohesabu bamvua na giza la mwezi, wasingemshangaa hata kidogo. Lillie na Just waliandika pamoja jinsi mnyoo huyo anavyozaliana, na maelezo yale yalichapishwa mwaka 1913.

Mwaka mmoja kabla yake Just alikuwa ametoa makala yake mwenyewe ya kwanza. Swali lake lilikuwa jepesi kulitaja: yai likirutubishwa, linagawanyika mara ya kwanza kupitia wapi? Kwa yai la Nereis alionyesha kwamba mstari wa mgawanyiko unapita pale pale mbegu ya kiume ilipoingilia. Na mbegu inaweza kuingia mahali popote kuzunguka yai. Tafakari kidogo. Maana yake ni kwamba yai halikuja na alama ya mahali pa kukatwa. Sehemu yoyote ya uso wake ina uwezo wa kupokea mbegu na kuanzisha kazi, na tukio dogo la pembeni linaamua upande ambao seli nzima itafuata.

Hapo ndipo wazo lake kubwa lilipoanzia. Wanabaiolojia wengi wa siku hizo macho yao yalikuwa kwenye kiini na kromosomu, na walikuwa na sababu, kwa sababu mambo makubwa ya urithi yalikuwa yanagunduliwa humo. Ukingo wa seli walikuwa wanauchukulia kama rambo: umebeba nyanya, kazi yake ni nyanya zisimwagike. Just alikataa. Alisema tabaka la nje la saitoplazimu, lile lililo chini tu ya utando, ni hai kama kiini kilivyo hai. Linapokea habari, linajibu, linabadilika, na bila hilo yai halirutubishwi wala halikatiki mara mbili.

Ushahidi aliukusanya polepole. Katika makala zake za kuanzia mwaka 1919 alieleza yai la kiumbe mmoja bapa wa mviringo, ndugu wa wale wa miiba wanaotuchoma miguu tukiogelea. Mbegu moja ikigusa yai, mabadiliko yanaanzia pale pale na kusambaa kwenye uso wote kama wimbi, na popote wimbi lilipopita, mbegu nyingine haziingii tena. Kinachonifurahisha ni hiki: aliona kwamba mlango unafungwa kabla ule utando unaoonekana kwa macho haujainuka. Wengine waliuona utando ukinyanyuka wakasema ndio unaozuia. Yeye alisema hapana, yai limeshajifunga, utando unafuata nyuma. Hakuwa na kamera ya kisasa wala rangi za kung'aa. Alikuwa na hadubini ya kawaida na uvumilivu wa kutisha.

Mwaka 1922 akaanza mfululizo wa makala kuhusu mgawanyiko wa seli wenyewe. Aliyachukua mayai yaliyorutubishwa akayaweka kwenye maji ya bahari yaliyopunguzwa chumvi, si mara moja bali kila baada ya muda mfupi, kuanzia kurutubishwa hadi yanapokatika. Akaona kwamba uwezo wa yai kuvumilia maji yale unapanda na kushuka kwa mpangilio, ukifuata hatua za mgawanyiko. Kumbe ule uso una saa yake. Seli ikijiandaa kugawanyika, tabaka la nje nalo linabadilika. Haligawanywi tu na vitu vinavyotokea ndani.

Leo tunajua kilichokuwa chini ya pale alipokuwa anatazama. Chini ya utando wa seli kuna wavu wa nyuzi za protini iitwayo aktini, sehemu ya kile tunachokiita kiunzi cha seli. Kromosomu zikishavutwa pande mbili na nyuzi nyingine, zile za maikrotubuli, nyuzi za aktini zinajipanga kwenye mkanda kuzunguka kiuno cha seli, na zikishirikiana na protini ya miosini zinakaza kama kamba ya suruali ya kulalia, mpaka seli moja inakuwa mbili. Mkanda huo ulionekana kwa hadubini ya elektroni mwishoni mwa miaka ya 1960, Just akiwa kaburini zaidi ya miaka ishirini na tano. Yeye hakuwa na neno aktini wala picha ya mkanda, na nisingependa tumvalishe koti la ugunduzi usio wake. Alichokuwa nacho ni uhakika kwamba pale ukingoni kuna kitu kinafanya kazi, na majaribio ya kuutetea.

Lakini kutetea kulikuwa na gharama. Jacques Loeb, Mjerumani aliyehamia Marekani, alikuwa nyota wa enzi hiyo kwa kufanya mayai ya viumbe wale wa miiba yaanze kukua bila mbegu ya kiume, kwa kemikali tu. Mapishi yake yalikuwa na hatua mbili: asidi kwanza, halafu maji yenye chumvi nyingi. Alieleza kwamba hatua ya kwanza inauharibu uso wa yai na ya pili inalitibu. Just akachukua maji yenye chumvi nyingi peke yake, bila asidi, akapata mayai yaliyoinua utando, yakagawanyika, yakafika hadi kuwa viluwiluwi vinavyoogelea juu. Hivyo ile hadithi ya kuharibu na kutibu ikayumba. Kwa Just, uwezo ni wa yai lenyewe. Mbegu, asidi au chumvi ni kidole tu kinachobonyeza swichi. Loeb, aliyekuwa amemuunga mkono mwanzoni, akamgeuka. Na Loeb alikuwa mtu wa taasisi ya Rockefeller, mtu ambaye neno lake lilisikika kwa wenye fedha.

Wenzake wa Woods Hole walimfuata kwa ushauri wa mayai. Alikuwa mkali kupita kiasi kuhusu usafi wa vyombo, joto la maji, na hali ya mnyama aliyetoa mayai. Kabla ya jaribio lolote alitaka ujue kwanza mayai hayo hayo yanafanyaje katika maji ya kawaida; kama hayakui vizuri hapo, huna haki ya kutafsiri yanachofanya kwenye kemikali yako. Mawazo mengine yaliyochapishwa na wakubwa, aliona, yalikuwa ripoti za mayai yaliyokuwa yanakufa. Ukifanya vitendo maabara ambako hadubini moja inagombewa na watu wanane na slaidi ina alama za vidole vya mwaka jana, unaanza kumuelewa kwa nini alikuwa anafoka.

Heshima alipata. Mwaka 1915 alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupewa medali ya Spingarn, tuzo ya NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, na alikuwa na miaka 31 tu. Mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamivu Chicago. Kuanzia 1920 fedha za tajiri Julius Rosenwald zilimwezesha kupunguza vipindi Howard ili afanye utafiti. Alikuwa ametangulia kuandika na kuchapisha kuliko wazungu wengi waliokuwa wanaajiriwa kwenye vyuo vyenye maabara kamili, na kila ofa iliyonong'onwa iliyeyuka. Woods Hole alikuwa mgeni wa majira ya joto, anayeombwa msaada mchana. Familia yake ilipokuja naye, ilikutana na ubaguzi wa kutosha kuifanya isipende kurudi.

Hapa nitasema jambo ambalo wanaompenda huwa wanalipitia harakaharaka. Huko Howard alikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Roger Arliner Young, mwanamke mweusi, maskini, aliyekuwa anamuuguza mama yake. Just aliona kipaji chake, akamsaidia, na mwaka 1924 dada huyo alichapisha katika jarida la Science makala kuhusu paramesiamu. Alifanya naye kazi Woods Hole, na Just alipokuwa Ulaya mwaka 1929 ni Young aliyeishikilia idara. Kufundisha kote kule, utafiti, na mama mgonjwa nyumbani, vilimchosha. Baadaye wakakosana vibaya, na mwaka 1936 Young aliondolewa Howard. Aliendelea mwenyewe, akawa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupata uzamivu wa zuolojia, mwaka 1940, chini ya msimamizi mwingine, katika chuo kikuu cha Pennsylvania. Mtu aliyeminywa na mfumo anaweza kumminya aliye chini yake. Uongozi wa Howard nao ulikuwa na hoja: ulitaka profesa wake mkubwa awepo, afundishe, ajenge masomo ya uzamili. Yeye alitaka mayai. Pande zote mbili nazielewa, na wanafunzi wa katikati ndio walioachwa na madesa.

Maana Ulaya ilikuwa imemteka. Januari 1929 alifika Naples, Italia, kwenye kituo maarufu cha utafiti wa bahari, akajaribu mayai ya huko. Mwaka 1930 akaalikwa Berlin, kwenye taasisi ya baiolojia ya Kaiser Wilhelm, mahali ambapo wakati huo mwanabaiolojia yeyote angetamani. Walimpokea kama mwanasayansi. Alipata meza, msaada, watu wa kubishana nao juu ya chakula. Hapo Berlin alikutana pia na Hedwig Schnetzler, mwanafunzi wa falsafa, ambaye baadaye angekuwa mke wake wa pili. Alimuacha Ethel, mama wa watoto wake watatu, na hilo nalo lina uzito wake. Kisha 1933 Hitler akaingia. Kwa mtu mweusi, Berlin ikafungwa. Akabaki anahamahama, Naples, Paris, akiandika barua za kuomba fedha ambazo majibu yake yalizidi kuwa mafupi. Mwaka 1938 aliiacha Marekani akiwa na nia ya kutorudi, akajichimbia Roscoff, kijiji cha wavuvi kaskazini-magharibi mwa Ufaransa chenye kituo cha utafiti.

Mwaka 1939 vilitoka vitabu vyake viwili. Kimoja ni kidogo, cha mbinu za kufanyia majaribio mayai ya wanyama wa baharini. Ni kama mpishi aliyeamua kutoa siri zake zote kabla hajaondoka. Kingine ni kikubwa, The Biology of the Cell Surface, ambamo alikusanya hoja yake ya maisha. Nikisoma sura zake za uchunguzi naona mtu anayejua anachokiona. Alipofika kwenye urithi, nadhani alivuka mpaka. Alipendekeza kwamba kiini kinafanya kazi kwa kuondoa vitu kutoka kwenye saitoplazimu, akazipunguzia jeni nafasi kuliko ushahidi ulivyoruhusu hata wakati ule. Watu wa jeni walikuwa wanashinda na kitabu kikapita kimyakimya, kikiwa na vita ya dunia mlangoni.

Vita yenyewe ilimkuta Roscoff. Mwaka 1940 Wajerumani walipoivamia Ufaransa, alikamatwa na kuwekwa kambini kwa muda. Aliachiwa kwa juhudi za familia ya Hedwig, na Septemba mwaka huo akarudi Marekani na mke wake aliyekuwa mjamzito, katika nchi aliyokuwa ameapa kuiacha. Howard walimpokea tena. Alikuwa tayari anaumwa, na madaktari walipogundua ni saratani ya kongosho hapakuwa na la kufanya. Alifariki Washington tarehe 27 Oktoba 1941, akiwa na miaka 58, na makala zaidi ya sabini nyuma yake.

Mwaka 1983 Kenneth Manning aliandika wasifu wake mrefu, na mwaka 1996 posta ya Marekani ikatoa stempu yenye sura yake. Kabla ya hayo yote, mapema mwaka 1942, Frank Lillie aliandika taazia katika jarida la Science. Ni taazia ya upendo. Anakiri humo kwamba nchi aliyozaliwa Just ndiyo iliyompinda, na anasikitika. Lillie aliongoza idara ya zuolojia ya Chicago kwa takriban miaka ishirini, na baadaye akawa rais wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Uzamivu wa Just ulitoka katika idara hiyo hiyo. Kazi haikutoka.